Sura ya Sita: Vifuko vya Bakteria na Damu Iliyozoea Malaria

Miongoni mwa viumbe vyote ambavyo jicho haliwezi kuviona bila ya hadubini, hakuna waliolaaniwa na binadamu kuliko bakteria, na laana hiyo haikutoka hewani, kwa maana kipindupindu ambacho tangu miaka ya 1970 kimekuwa kikizuka na kuzuka tena katika miji na vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria, na homa ya matumbo, na kuhara damu, na kifua kikuu kiwaondoacho watu duniani katika umri wa kazi, yote hayo ni matendo yao. Mtu wa Busawe, katika ile nchi ya Mara inayotazamana na Tarime kwa upande mmoja na mbuga za Serengeti kwa upande wa pili, ambaye tangu utoto amehimizwa na bwana afya kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono kabla ya kula, hawezi kulaumiwa akistaajabu kusikia kwamba huko Korea, China na Australia wako wanazuoni ambao kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakiwafuga bakteria kwa kusudi la kutwaa vipande vya tando zao, na kuvitengeneza, na kuvipakia dawa, kisha kuvituma katika mwili wa mgonjwa vikapambane na saratani. Habari hiyo ni ya kweli, nayo inawahusu watu wa Mara kwa namna ambayo wao wenyewe hawajaambiwa.

Bakteria wa jamii tunayoizungumza hapa, ambaye mashuhuri wao ni yule akaaye katika utumbo wa kila mtu na kuitwa na wataalamu Escherichia coli, huvaa tando mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na baina ya tando hizo pana nafasi nyembamba yenye majimaji na protini. Maadamu yu hai, utando wake wa nje hautulii: hapa na pale huvimba, ukainuka, ukajibana shingoni, ukakatika, na kile kilichokatika kikaenda zake kikiwa kifuko cha mviringo kilichofungwa pande zote. Aliyepata kusimama jikoni mbele ya sufuria ya uji mzito wa ulezi ameona jambo lililo karibu na hilo, jinsi uso wa uji unavyofura kiputo baada ya kiputo, na kila kiputo kimevikwa uji ule ule uliokizaa. Lakini kiputo cha uji hupasuka mara moja, ilhali kifuko cha bakteria hudumu, nacho huondoka kimebeba sehemu ya mali ya mzazi wake, yaani protini, mafuta, vipande vya DNA na RNA, na pengine sumu. Upana wake ni baina ya nanomita 20 na 250, na ili msomaji apate kuupima udogo huo, na ajue kwamba milimita moja ina nanomita 1,000,000.

Vifuko hivi vilionekana kwanza katika miaka ya 1960. Mjini London, mwaka 1965, Bishop na Elizabeth Work walieleza kwamba bakteria wa utumbo anaponyimwa sehemu ya chakula chake hutoa nje mafuta na sukari za utando wake kwa wingi. Na miaka miwili baadaye, mjini Calcutta, Chatterjee na Das, ambao walikuwa wakimchunguza bakteria wa kipindupindu kwa hadubini ya elektroni, waliandika jinsi utando wake wa nje unavyofura na kuachia vifuko. Wengi walivihesabu kuwa ni takataka tu. Miaka mingi ilipita kabla haijadhihirika kwamba bakteria huvitumia vifuko kwa shughuli nyingi za maisha yake: huvituma kupeleka sumu katika seli za mwenyeji wake, huvitoa kama ngao ya kunasa dawa na virusi vinavyomshambulia, na kwa vifuko hivyo hivyo hugawana na wenziwe jeni na vimeng'enya. Kiumbe tuliyedhani ni mwizi asiye na akili alikuwa na tarishi wake siku zote.

Namna ya kuvivuna ni rahisi kueleza, ingawa si rahisi kuitenda vizuri. Bakteria hupandwa katika mchuzi wa lishe ndani ya chupa, na chupa huwekwa katika joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wetu, ikitikiswa usiku kucha hata mchuzi uliokuwa mwangavu ukajaa ukungu. Mchuzi huo huzungushwa kwa mashine ili bakteria wenyewe wazame chini, na maji ya juu huchujwa kwa vichujio vyenye matundu ambayo bakteria aliye hai hawezi kupenya. Kisha maji hayo yaliyotakasika huzungushwa tena kwa saa kadhaa, safari hii kwa nguvu inayozidi mvuto wa ardhi mara 100,000 na zaidi, na mashine inapotulia, chini ya bomba huonekana doa dogo la manjano hafifu, lenye kuteleza, ambalo asiyejua angelisuuza akidhani ni uchafu uliosalia. Doa hilo ni vifuko visivyohesabika. Havina uhai, haviwezi kuzaana wala kusababisha maambukizi, na hiyo ndiyo fadhila yao ya kwanza, kwa sababu tabibu amtiaye mgonjwa bakteria hai hana hakika kamili ya kumtoa tena, lakini kifuko hakina njia ya kuongezeka hata kimoja.

Wazo la kuipiga saratani kwa bakteria si geni. Mwaka 1891, mjini New York, daktari mpasuaji William Coley, aliyekuwa na simanzi kwa mgonjwa kijana aliyemfia, alipekua daftari za hospitali akakuta habari ya mtu ambaye uvimbe wake wa shingo ulitoweka baada ya kushikwa na erisipela, ugonjwa wa ngozi uletwao na bakteria. Akamtafuta mtu huyo mjini, akamkuta mzima. Hapo akajasiri kumdunga mgonjwa mwingine bakteria hai wa erisipela, na mgonjwa yule baada ya homa kali iliyokaribia kumwua akaona uvimbe wake unayeyuka. Baadaye Coley alitumia bakteria waliokwisha kuuawa, akawatibu watu wengi, wengine wakapona, wengine wasipone. Lakini dawa yake haikuwa na kipimo cha kutegemewa, na mionzi ilipokuja na kuonyesha matokeo yanayopimika, madaktari wakamwacha na chupa zake hata alipofariki mwaka 1936. Mimi namhesabu kuwa mtu aliyeona sawa kabla ya wakati wake. Alichokikosa ni maarifa ya kujua ni kipi katika mchanganyiko ule kilichoamsha mwili na ni kipi kilichouhatarisha.

Wala mafundisho yake hayakufa. Chanjo ya BCG, ile ile wanayopewa watoto wa Tanzania wanapozaliwa na kuwaachia kovu dogo begani, imetengenezwa kwa bakteria hai waliodhoofishwa, na tangu daktari Morales wa Kanada alipotangaza matokeo yake mwaka 1976 imekuwa ikimiminwa katika kibofu cha mkojo kutibu saratani changa ya mahali hapo. Yafaa niseme kwa tahadhari kwamba saratani ya kibofu itokanayo na kichocho, ambayo katika ukanda wa Ziwa tunaijua mno, aghlabu ni ya jamii nyingine, na BCG haikukusudiwa kwa hiyo. Hata hivyo hoja imesimama: yako maradhi ya saratani ambayo mwili huyashinda ukiamshwa na bakteria.

Basi kazi ya wahandisi wa vifuko ilikuwa ni kutenganisha uamshaji na hatari. Hatari kubwa imo katika utando wenyewe, katika sumu iitwayo lipopolisakaridi, ambayo ikiingia katika damu kwa wingi huleta homa, hushusha shinikizo la damu, na yaweza kuua mtu kwa muda wa saa chache. Sumu hiyo ina mzizi wa mafuta wenye minyororo sita, na seli za kinga za binadamu huutambua mzizi wa minyororo sita kwa ukali mkubwa. Wanazuoni wakagundua kwamba wakimfutia bakteria jeni moja tu, iitwayo msbB, mzizi hutoka na minyororo mitano, na ukali wa mwili katika kuupokea hupungua sana bila ya kwisha. Hilo la kupungua bila ya kwisha ndilo lililotafutwa. Sumu ikiondoka yote, kifuko hakiamshi chochote. Ikibaki yote, dawa inakuwa maradhi.

Mwaka 2014, katika chuo cha KAIST huko Korea Kusini, Vipul Gujrati na wenziwe walimchukua bakteria wa namna hiyo wakampa jeni ya kumfanya atoe vifuko vyenye kishikio juu yake, kishikio kinachonasa protini ya HER2 ambayo seli za baadhi ya saratani za titi huvaa kwa wingi kuliko seli nyingine; wakavipakia vifuko vipande vya RNA vyenye kuzuia seli isigawanyike; wakavitia katika mishipa ya panya wenye uvimbe. Vifuko vilikwenda vilikotumwa, uvimbe ukapunguza mwendo wa kukua, na panya hawakuonyesha madhara makubwa. Hapo kifuko kilitumika kama chombo cha kubebea shehena.

Miaka mitatu baadaye, katika chuo cha POSTECH, mjini Pohang, kundi la wataalamu lilionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, kwamba vifuko vitupu, visivyopakiwa dawa yoyote, vinaweza vyenyewe kuuondoa uvimbe uliokwisha kuota katika panya. Mishipa ya damu ndani ya uvimbe hujengwa kwa haraka na kwa ufundi mbovu, ina nyufa, na vifuko kwa udogo wake hupenya katika nyufa hizo na kujikusanya humo; seli za kinga zikivikuta zikadhani adui ameingia, nazo hutoa kemikali ya vita iitwayo intaferoni gama, na katika vita hiyo saratani iliyokuwa imejificha hupigwa pamoja. Panya waliozaliwa bila ya uwezo wa kutengeneza intaferoni gama hawakupata nafuu hiyo, na huo ni ushahidi kwamba mwuaji wa uvimbe alikuwa mwili wenyewe. Panya waliopona walipotiwa tena seli za saratani ile ile, walizikataa. Fauka ya hayo, vifuko vya bakteria wa aina mbalimbali vilionyesha nguvu hiyo, hata vya Lactobacillus acidophilus, ambaye ni ndugu wa bakteria wagandishao maziwa. Nalisema hili nikijua kwamba katika nchi ya wafugaji litasikika upesi, kwa hiyo naliongezea mara moja kwamba maziwa ya mgando hayatibu saratani: vifuko vile vilitakaswa, vikapimwa, na kutiwa katika mshipa, na anywaye mtindi hapati hata kimoja cha namna hiyo katika damu yake.

Huko Beijing nako, katika kituo cha taifa cha sayansi ya nano, kundi la Nie Guangjun lilitangaza mwaka 2021 kifuko chenye vifungo juu ya uso wake, ambavyo alama yoyote ya saratani, ikitengenezwa na kifungo chake cha pili, huweza kushikizwa kwa muda mfupi. Maana yake ni kwamba kifuko kimoja kilichokwisha kutengenezwa chaweza kuvikwa alama za saratani ya mgonjwa huyu leo na za mgonjwa yule kesho, na hivyo kuufundisha mwili kuwajua maadui wake kwa sura zao.

Hayo yote ni ya panya, na kati ya panya na mtu iko safari ambayo dawa nyingi hazikuimaliza. Walakini vifuko vyenyewe si wageni katika mwili wa binadamu. Cuba na Norwei zilitengeneza chanjo za homa ya uti wa mgongo kwa vifuko vya bakteria wa maradhi hayo tangu miaka ya 1980. New Zealand, kuanzia mwaka 2004, iliwachanja kwa chanjo ya vifuko zaidi ya watoto na vijana milioni moja. Kwa upande wa saratani, walio mbele katika kuwajaribia watu ni kampuni ya EnGeneIC ya Sydney, ingawa wao hawatumii vifuko vya utando bali bakteria wadogo wasio na kromosomu, wenye upana wa nanomita 400 hivi, ambao ni ndugu wa karibu. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017 kwa wagonjwa wa saratani ya utando wa mapafu itokanayo na asbesto, kati ya wagonjwa 22 waliopimwa, mmoja uvimbe wake ulipungua kwa kiasi kikubwa, na 15 maradhi yao yalisimama kwa muda. Si ushindi, nami sitauita ushindi. Ni hatua halali iliyoonyesha kwamba kitu cha bakteria chaweza kutiwa katika mshipa wa mgonjwa wa saratani mara nyingi, kwa uangalifu, naye akakivumilia.

Sasa nirejee Mara, ambako jambo hili lina uzito usioonekana kutoka Pohang wala Beijing.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kushoto na kulia, jambo ambalo hakulijua katika vitabu vyake. Baadaye akamwona mwingine, na mwingine. Mwaka 1961 aliondoka na madaktari wawili wenziwe katika gari kuukuu, wakaenda maili 10,000 kusini hata Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali kwa hospitali na kuuliza kama watoto wa namna ile wapo, hata wakapata ramani: maradhi hayo yalikuwako palipo na joto na mvua, katika nchi za chini, na ramani yake ilikaribia kulingana na ramani ya malaria kali. Mwaka 1964, mjini London, Epstein, Achong na Barr waliona ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda kirusi kipya, ambacho sasa hujulikana kwa majina ya Epstein na Barr. Karibu watu wote duniani hukipata kirusi hicho bila ya kuota uvimbe. Lakini mtoto ambaye amekipata mapema mno, kisha akapigwa na malaria mwaka hata mwaka, seli zake za kinga huchochewa kugawanyika bila ya kupumzika, na katika kugawanyika huko baadhi hukosea, zikawa saratani iitwayo leo uvimbe wa Burkitt.

Katika Mara maradhi hayo hayakuwa hadithi. Mama humwona mwanawe wa miaka mitano au sita anatafuna upande mmoja. Humfungua kinywa, akakuta jino la nyuma limelegea, linatikisika kwa kidole, wala mtoto halii. Akadhani ni jino linalobadilika. Jino hung'olewa. Wiki ya pili jirani yake hulegea, ufizi huvimba, na shavu huanza kujaa kwa nje, ngozi ikivutika na kung'aa. Hakuna homa ya kutisha wala kidonda, na kwa hiyo hakuna haraka nyumbani, ilhali ndani ya taya lile haraka ni kubwa kupita kiasi.

Wilaya iliyoitwa Mara Kaskazini, ambayo leo ni Tarime na Rorya, ilikuwa na wagonjwa wa kutosha, na daftari nzuri za kutosha, hata ikachaguliwa kwa moja ya majaribio makubwa katika tarikhi ya saratani Afrika. Kuanzia mwaka 1977 hata mwaka 1982, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, pamoja na madaktari wa hospitali ya Shirati iliyoanzishwa na Wamenoniti, waligawa vidonge vya klorokwini kwa watoto walio chini ya miaka 10 ili kujua kama malaria ikizuiliwa uvimbe wa Burkitt utapungua. Ulipungua: katika miaka ya 1980 na 1981 hesabu ya watoto wapya ilishuka chini ya mmoja katika kila watu 100,000, na vidonge vilipokwisha kukoma ikapanda tena. Lakini kushuka huko kulikuwa kumekwisha kuanza kabla ya vidonge, na malaria yenyewe, baada ya kurudi nyuma kwa muda mfupi, iliinuka tena hali watoto bado wanapewa dawa. Wanazuoni walioandika matokeo mwaka 1989 walikuwa na insafu ya kusema kwamba ushahidi unaelekea kuishika malaria, ila haukati shauri. Wazazi walioutoa mkono wa mtoto utobolewe kwa damu ya kupimwa, na kupanga foleni kwa vidonge msimu baada ya msimu, waliichangia dunia elimu hiyo, na majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Hoja yangu yatoka hapo. Dawa ya vifuko vya namna ya Pohang na Beijing, tofauti na dawa ya kemikali, haiui saratani kwa mkono wake. Huamsha kinga, na kinga ndiyo iuayo. Basi thamani ya dawa inategemea hali ya kinga inayoamshwa. Panya wa maabara amezaliwa katika chumba safi, amekula chakula kilichotakaswa, hajapata kuumwa na mbu hata siku moja, na hata mgonjwa wa Sydney hayuko mbali naye sana katika jambo hilo. Mtoto wa ukanda wa Ziwa amekwisha kupigana vita nyingi kabla ya kuanza shule. Tangu katikati ya karne iliyopita madaktari walionyesha kwamba mtu mwenye malaria huizoea sumu ya utando wa bakteria, hata kipimo ambacho kingempa mtu mwingine homa kali kwake huleta homa ndogo. Na kinyume chake, panya waliotiwa vimelea vya malaria hudhurika kwa sumu hiyo kuliko panya wazima. Kwa maneno mengine, kifuko kilichopimwa kwa uangalifu wote huko Pohang huenda kikawa dhaifu mno kwa mtoto wa Mara, na huenda kikawa kikali mno, na hakuna hesabu ya mezani iwezayo kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Atakayedhani kwamba hofu hii ni ya kubuni na atazame Bagamoyo. Huko watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara waliwapa watu wazima wa Tanzania chanjo ya malaria iliyotengenezwa kwa vimelea vizima vilivyodhoofishwa, chanjo ambayo Wamarekani walikuwa wamekwisha kupewa kwa kipimo hicho hicho. Na damu ya Watanzania ilipopimwa ilikutwa na kingamwili chache kuliko za Wamarekani. Chanjo ilikuwa ile ile, na sindano zile zile. Kilichobadilika ni mwili ulioipokea na historia uliyokuwa nayo. Kama jambo hilo limetokea kwa chanjo iliyokusudiwa malaria yenyewe, litatokea vipi kwa dawa ambayo nguvu yake yote ni kuipigia kinga baragumu?

Kwa sababu hiyo siafiki desturi ya kungoja dawa ikamilike ng'ambo, isajiliwe huko, ishuke bei, kisha baada ya miaka ishirini iletwe kwetu na kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya damu nyingine. Vifuko vya bakteria vina sifa zinazotufaa kuliko dawa nyingi mpya: bakteria hulishwa chumvi, sukari na protini, vitu visivyo ghali, vifuko vyaweza kukaushwa vikawa unga na kutunzwa, wala havihitaji kutoa seli za mgonjwa mmoja mmoja na kuzisafirisha kwenda kutengenezwa, kama zinavyohitaji baadhi ya tiba za kisasa ambazo bei yake haitajiki mbele ya mkulima. Ugumu uko katika usafi na usawa, kwa maana bakteria yule yule, akibadilishiwa chakula au joto kidogo, hutoa vifuko vyenye shehena nyingine, na mamlaka ya dawa haiwezi kupitisha kitu ambacho chupa ya leo si sawa na chupa ya jana. Ugumu huo hushindwa kwa mafunzo na vyombo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ina kituo Mwanza. Chuo cha tiba kiko Bugando, mjini humo humo. Na wagonjwa, kwa bahati mbaya, tunao.

Wala si lazima tungoje alama za saratani za wengine. Katika ukanda wetu uvimbe wa Burkitt karibu wote hubeba kirusi cha Epstein na Barr, na ingawa seli zake hujificha kwa kuacha kuonyesha karibu protini zote za kirusi hicho, ziko chache zisizoweza kuachwa, hasa ile iitwayo EBNA1. Kifuko chenye vifungo vya Beijing chaweza, kwa mantiki, kuvikwa protini hiyo. Kama kitaufundisha mwili wa mtoto au la, hilo ni swali la maabara kwanza, kisha la panya waliokwisha kuambukizwa malaria kwa makusudi, na mwisho, kwa tahadhari zote na ridhaa ya wazazi iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa, ni swali la Mara.

Hadi leo hakuna dawa ya saratani ya vifuko vilivyohandisiwa iliyoidhinishwa kuuzwa popote duniani, na mtu atakayekuja Busawe au Mugumu akidai kuuza sindano au unga wa namna hiyo ni mwongo, afukuzwe. Lakini kwa uvimbe wa taya ipo dawa ya zamani: saiklofosfamidi, ambayo tangu siku za Burkitt mwenyewe huko Mulago imeweza kuuyeyusha uvimbe mkubwa kwa siku chache, na ikitolewa pamoja na dawa nyingine, mapema na kwa ukamilifu, watoto wengi hupona kabisa. Hutolewa Bugando, na hutolewa Muhimbili. Mzazi uliye Busawe, ukimwona mwanao jino limelegea kabla ya wakati wake na shavu linajaa bila ya maumivu, usikubali jino ling'olewe ukarudi nyumbani. Mpeleke hospitali ya Mugumu wiki hiyo hiyo, uombe barua ya rufaa kwenda Mwanza, kwa kuwa seli za uvimbe huu huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili.